Hati ya Mzamiaji: Baina ya Ziwa Tanganyika na Uwanda wa Ufipa

Atokaye Sumbawanga kwa njia ya Matai kushuka bandari ya Kasanga, mwendo wa kilomita 112, huacha nyuma yake baridi na mashamba ya ulezi na mahindi, na baada ya muda si mrefu hujikuta kando ya Ziwa Tanganyika katika joto la namna nyingine kabisa, kwa kuwa mji wa Sumbawanga, ulio katika uwanda wa Ufipa, umekaa mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa haufiki hata mita 800. Kwa msafiri wa kawaida tofauti hiyo ni koti tu, la kuvua na kuvaa. Bali kwa mwanachuo aliyeshinda chini ya maji akihesabu samaki, kurudi mlimani jioni ile ile kwaweza kumtia kilema.

Sababu yake ni hii. Mzamiaji avutapo hewa ya mtungi chini ya uzito wa maji, naitrojeni iliyomo hupenya katika damu na nyama za mwili. Akipanda taratibu hutoka kwa pumzi bila ya madhara, lakini akipanda kwa pupa hufanya mapovu, yakamwumiza viungo, na pengine yakampoozesha. Hatari haikomi atokapo majini, maadamu hewa ya mlimani nayo ni nyepesi kuliko ya ziwani. Ndiyo maana wataalamu huwashauri waliozamia mara moja wangoje saa 12 kabla ya kupanda ndege, na waliozamia mara nyingi saa 18, na gari lipandalo Ufipa halina budi kuhesabiwa kama ndege. Fauka ya hayo, majedwali ya kuzamia yalitungwa kwa ajili ya baharini, ambako hewa ni nzito kuliko ya ziwani. Hivyo kina cha mita 18 hapo Kasanga hukadiriwa kuwa kama mita 20.

Basi kwa nini taabu yote hiyo? Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, nalo duniani limezidiwa na Baikal pekee, lakini maji yake ya chini hayana oksijeni, na samaki wote hujazana juu. Miambani karibu na pwani wamo jamaa wa perege, aina zaidi ya 200, ambao wengi wao hawapatikani penginepo, na wavu uwavuao dagaa na migebuka hapo hunasa na kupasuka. Wako wengine, wadogo kama kidole, wanaokaa na kutaga katika makombe matupu ya konokono. Atakaye kuwajua sharti ashuke mwenyewe, atandaze utepe wa kupimia, aandike kwa penseli katika kibao cha plastiki, mwenzake akimchunga. Mradi wa bioanuwai wa Ziwa Tanganyika, uliofanywa kati ya 1995 na 2000 na nchi nne zilizozunguka ziwa, uliwafunza watafiti wa nchi hizo kuzamia na kuhesabu kwa kanuni moja, kusudi hesabu ya Mahale upande wa Tanzania ipate kulinganishwa na ya Nsumbu kule Zambia.

Kanuni za vyuo za kuzamia kwa utafiti asili yake ni taasisi ya bahari ya Scripps, California, mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya Conrad Limbaugh, ambaye, pamoja na umahiri wake wote, alifariki mwaka 1960 katika pango la chini ya maji huko Ufaransa. Siku hizi vyuo vya Marekani hudai mafunzo ya saa 100 na mizamio 12. Ulaya ni wakali zaidi, hutaka mizamio 70. Huko Marekani mwanafunzi hukaguliwa na tabibu masikio, mapafu na moyo, huogelea yadi 25 chini ya maji kwa pumzi moja, hujifunza kumwokoa mwenziwe, na kwanza huidhinishwa mita 9 tu, kisha huongezewa kina kadiri anavyozoea. Hati yenyewe si ya milele, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo bora katika utaratibu wote: asiyezamia walau mara 12 kwa mwaka idhini yake hukoma, na hata awe profesa, huanza tena kwa kutahiniwa mbele ya msimamizi kabla hajashuka na wanafunzi wake.