Kurekodi Filamu Ukumbini: Kosa, Ushahidi na Mamlaka ya Kumzuia Mtazamaji

Makala haya yanaeleza jinsi sheria za Japani na Marekani zilivyokabili urekodi wa filamu katika kumbi za sinema pasipo idhini, na mahali ambapo utekelezaji wake hukwama. Kwa muda mrefu sheria za hakimiliki zilimwandama mwenye kuuza nakala. Mwenye kuitengeneza nakala ya kwanza, gizani, aghalabu aliponyoka.

Japani yatoa mfano ulio wazi. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Hakimiliki ya 1970 kiliruhusu kunakili kazi kwa matumizi binafsi. Hivyo aliyekutwa na kamera ukumbini aliweza kudai kuwa anajirekodia mwenyewe. Sheria maalumu iliyoanza kutumika tarehe 30 Agosti 2007 iliiondoa kinga hiyo, hata kwa anayenasa sauti peke yake. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi yeni milioni 10, au vyote viwili. Hata hivyo, sheria hiyo haihusu filamu iliyokwisha kutimiza miezi 8 tangu ionyeshwe nchini kwa malipo kwa mara ya kwanza. Ni dhahiri kwamba kinacholindwa hapa ni msimu wa mapato ya ukumbini.

Marekani ilitangulia. Sheria iliyotiwa saini tarehe 27 Aprili 2005 ilifanya kurekodi, au hata kujaribu kurekodi, kuwa kosa la jinai la shirikisho lenye kifungo kisichozidi miaka 3, na miaka 6 kwa anayerudia. Upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha nia ya kuuza. Kuwa na kifaa cha kurekodia ukumbini kwaweza kuzingatiwa kama ushahidi, lakini hakutoshi peke yake kumtia mtu hatiani. Sharti hili limezidi kuwa na uzito siku hizi, kwani karibu kila mtazamaji huingia na simu yenye kamera.

Fundo gumu zaidi limo katika mamlaka ya kuzuia. Sheria hiyo ya Marekani humruhusu mwenye ukumbi, pamoja na watumishi wake, kumzuia mshukiwa ili ahojiwe au polisi waitwe, na huwakinga dhidi ya mashtaka iwapo walikuwa na sababu ya kutosha na wakatumia njia na muda wa kadiri. Kadiri hiyo haikutajwa kwa dakika. Hivyo uhuru wa mtu aliyelipa kiingilio huamuliwa, kwa kitambo, na mkata tiketi ambaye si askari.

Ufundi haujamwondolea mzigo huo. Kwa viwango vya sinema ya kidijitali vilivyotolewa mwaka 2005, picha hubeba alama fiche za mahali na wakati wa maonyesho. Nakala ikipatikana kwenye intaneti, alama hizo zaweza kuutaja ukumbi na saa, kiti hazikitaji.

Lipo pia suala la istilahi. Wajapani hulitaja kosa hili kwa neno tosatsu, lenye maana ya kupiga picha kwa wizi. Kiswahili hutumia "uharamia" kwa kurekodi, kunakili na kuuza pia, na kwa hiyo hufunika tofauti ileile ambayo sheria hizi zilitungwa kuibainisha. "Kurekodi kwa siri" nako hakutoshi, kwa kuwa sheria ya Marekani haidai usiri: anayeinua kamera waziwazi ana kosa lilelile. "Kurekodi bila idhini" ndiko kunakolingana na matini ya sheria.