Fahamu: Namna kuta za chokaa zinavyokabili joto la mijini

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza joto la mchana polepole na kulitoa usiku, huku vichochoro vyembamba vikitiwa kivuli na nyumba zenyewe na ua wa ndani ukipitisha hewa. Jengo la vioo hufanya kinyume, kwani hunasa joto la jua, kisha hutegemea viyoyozi ambavyo humwaga hewa ya moto barabarani. Dar es Salaam na Mombasa, ambako unyevunyevu huzuia jasho kukauka, hazina sababu ya kuiga majengo hayo ya vioo. Wanaotoa vibali vya ujenzi wadai vizuia jua madirishani, mapaa meupe na miti kabla ya kuidhinisha ramani yoyote.