Je, Wajua? Mambo Sita ya Haki na Amani Kutoka Kaskazini Mashariki

Amani ya Wajir ilianzia sokoni
Mwaka 1993, koo za Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, zikiwa bado zinapigana, kina mama waliamua kuanza na soko. Walikubaliana kwamba mama wa ukoo wowote ana haki ya kuuza na kununua, kisha wakawa macho asifukuzwe mtu kwa ajili ya ukoo wake. Miongoni mwao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, ambaye mwaka 2007 alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood, inayojulikana kama Nobeli mbadala.

Wakubwa wakigombana, mdogo ndiye hakimu
Koo kubwa hazikuaminiana, kwa hiyo kina mama hao waliwaendea wazee wa koo ndogo, ambazo hakuna aliyeziogopa, wasimamie mazungumzo. Matunda yake ni Azimio la Al Fatah la 1993. Kamati ya amani iliyoundwa Wajir mwaka 1995 ikawa mfano: baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, kamati za namna hiyo zilienezwa sehemu nyingi za Kenya.

Hali ya hatari ilidumu karibu miaka 28
Ilitangazwa Kaskazini Mashariki Desemba 1963, wiki mbili hivi baada ya uhuru, ikaondolewa Novemba 1991. Yaani ilidumu katika utawala wote wa Jomo Kenyatta na zaidi ya nusu ya utawala wa Moi! Ndiyo sababu simulizi nyingi za huko zilichelewa sana kusikika.

Serikali ilihesabu maiti 57, Tume ya Ukweli ikasema karibu 1,000
Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walizuiliwa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakateswa juani na wengi wakauawa. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini humo, alitoka kwenda kuokota majeruhi na maiti, na akasaidia habari zifike nje. Alilazimika kuondoka Kenya. Ujasiri wa mtu mmoja ulizuia mamia ya watu wasifutwe katika historia.

Tume ya Ukweli ilianza kusikiliza Garissa
Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi. Ungewaita wote waliozitoa kwenye Uwanja wa Nyayo, viti visingetosha! Vikao vyake vya hadhara vilifunguliwa Garissa, Aprili 2011. Huko yalitajwa mateso ya mtaa wa Bulla Karatasi, Garissa, ya Novemba 1980, nyumba zilipochomwa na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi bila chakula wala maji. Waliokuwa wakinong'ona kwa miaka 30 walipewa kipaza sauti.

Buibui na mitandio viliokoa maisha
Desemba 2015, miezi minane tu baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, magaidi walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera na kuwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa, na kina mama wakawapa Wakristo mavazi ya kujifunika. Mmoja wa abiria Waislamu, Mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Kisa hicho kilizaa filamu fupi *Watu Wote*, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018.

Na haki ya waathiriwa wa zamani je? Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi Wakenya kwa dhuluma zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Msomaji, ukikutana na mbunge wako, muulize habari za mfuko huo. Manusura wa Wagalla na Bulla Karatasi wanazeeka, na haki yao inapaswa kuwafikia wakiwa hai.