Ithibati ya Utalii Endelevu Wakati wa Korona: Mtazamo kutoka Bofa, Kilifi

Utangulizi

Makala hii inanuia kueleza jinsi mpango wa kutoa ithibati ya utalii endelevu unavyoendeshwa, na yale yanayoupata pale ambapo watalii wenyewe wametoweka. Ufuo wa Bofa, ulio kaskazini mwa mji wa Kilifi, umeteuliwa kuwa kitovu cha mjadala kwa kuwa ni mahali ambapo mvuvi, mwenye nyumba ya kukodisha na mwenye hoteli hutumia mchanga mmoja. Mmoja akichafua, wote huathirika.

Yafaa kwanza kutenganisha istilahi mbili ambazo aghalabu hutumiwa kana kwamba ni visawe. Cheti ni hati inayotundikwa ukutani. Ithibati, neno lenye asili ya Kiarabu, ni uthibitisho wenyewe, yaani uhakika kwamba jambo lililodaiwa ndivyo lilivyo. Katika nyakati za kawaida mambo haya mawili huandamana. Janga la korona liliyatenganisha.

Jinsi ithibati inavyopatikana

Nchini Kenya, shirika la Ecotourism Kenya, lililoasisiwa mwaka 1996, lilianzisha mwaka 2002 mpango wa kuzipima hoteli na kambi za watalii kwa ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Hoteli hujitathmini kwanza kwa kujaza fomu, kisha mkaguzi hufika kuthibitisha yaliyoandikwa. Huangalia majitaka yanaelekea wapi, kuni na umeme vinatumikaje, wafanyakazi wametoka wapi, na jamii jirani inafaidi nini. Tuzo haidumu milele. Hoteli hulazimika kukaguliwa upya. Katika ngazi ya dunia, Baraza la Kimataifa la Utalii Endelevu, GSTC, huweka vigezo vinavyogusia usimamizi, uchumi wa jamii, utamaduni na mazingira.

Ikumbukwe kwamba mpango kama huu ni wa hiari. Mwenye hoteli hulipa ada na kuvumilia maswali kwa kutarajia kwamba mgeni, hasa wa kutoka Ulaya, atavutiwa na tuzo ile. Basi mgeni asipokuja, sababu ya kulipa yatoka wapi?

Mipaka yafungwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020. Safari za ndege za kimataifa za abiria zilisitishwa tarehe 25 mwezi huo, na kafyu ikaanza tarehe 27. Tarehe 8 Aprili, Kilifi ilifungwa pamoja na Mombasa na Kwale, asiingie mtu wala kutoka, hadi Juni. Nairobi nayo ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili na haikufunguliwa hadi tarehe 7 Julai. Watalii waliozuru Kenya, ambao mwaka 2019 walizidi milioni 2, walipungua hadi chini ya 600,000 mwaka 2020.

Kwa hiyo mkaguzi aliyeko Nairobi hangeweza kufika Bofa hata kama hoteli ingekuwa wazi. Mashirika mengi ya ithibati duniani yalipokumbwa na hali hiyo yalichukua njia mbili: kurefusha muda wa vyeti na kukagua kwa mbali, kwa kutumia picha, video na nyaraka zilizotumwa. Njia ya kwanza haikuepukika. Ya pili inahitaji kutiliwa shaka zaidi. Kamera huonyesha paneli za jua na mapipa ya taka yaliyopangwa kwa rangi. Haionyeshi harufu ya shimo la majitaka lililofurika. Na mfanyakazi anayehojiwa kupitia simu iliyoshikwa na meneja atasema nini juu ya mshahara wake? Kazi kubwa ya mkaguzi hufanyika anapopotoka njia aliyoandaliwa, akaingia nyuma ya jikoni na kuzungumza na mpishi wawili tu.

Muhuri mwingine wazuka

Mnamo Mei 2020, Baraza la Dunia la Usafiri na Utalii, WTTC, lilizindua muhuri wa safari salama. Muhuri huo ulihusu afya: kunawa mikono, barakoa, umbali baina ya watu. Ulitegemea hasa tamko la mwombaji mwenyewe kwamba amezifuata kanuni, bila mkaguzi wa nje. Haikuwa ithibati kwa maana iliyoelezwa hapo juu, ingawa machoni pa msafiri mihuri yote hufanana.

La kutatanisha zaidi ni kwamba mihuri hii miwili ilivutana. Tarehe 5 Juni 2020, marufuku ya plastiki zinazotumiwa mara moja ilianza kutekelezwa katika hifadhi za taifa, misitu na fuo zilizolindwa nchini Kenya. Wakati uo huo usafi wa korona ulidai glavu, barakoa za kutupwa, na sukari iliyofungwa kipakiti kimoja kimoja. Hoteli iliyokuwa imeondoa vipakiti hivyo ili ipate tuzo sasa ilihimizwa kuvirudisha ili ionekane salama. Vigezo vilivyoandikwa kabla ya janga havikuwa vimemwandalia meneja jibu.

Jamii jirani

Hata hivyo, uzito wa jambo hili hauko kwenye vipakiti. Kigezo ambacho mipango ya ithibati hujivunia mno ni manufaa kwa jamii, na hicho ndicho kilichotikisika. Kaskazini mwa Bofa, kwenye hori ya Mida, shirika la A Rocha Kenya huendesha mpango wa ASSETS, ambapo fedha za utalii husaidia kulipia karo wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Shule zilifungwa Machi 2020, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 karo ilidaiwa kama kawaida, ilhali wageni wa Ulaya walikuwa bado wamejifungia makwao. Huko Gede, wakulima wa mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado ndani ya vifukofuko. Bidhaa hiyo haiwezi kungoja ghalani. Ndege isiporuka, kipepeo huruka.

Linganisha na Gazi, kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, kwa ithibati ya Plan Vivo tangu mwaka 2013. Mapato yake hayahitaji mgeni kuvuka bahari. Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na methali hiyo yaigusa ithibati yoyote inayohesabu manufaa ya jamii bila kuuliza yanatoka kwenye mfuko upi.

Mgeni wa ndani

Nairobi ilipofunguliwa, fuo za Kilifi zilianza kupokea Wakenya. Tumaini hilo nalo lilikatizwa: tarehe 26 Machi 2021 Nairobi na kaunti nne nyingine zilifungwa hadi mwanzoni mwa Mei, na Pasaka ikapita katikati. Mgeni wa ndani aghalabu hukodi nyumba nzima na kununua samaki ufuoni. Nyumba hizo hukosa meneja wa kujaza fomu, na hivyo huponyoka vigezo vilivyotungiwa hoteli, ingawa majitaka yake hutitirika katika ardhi ile ile.

Vigezo vya GSTC kwa hoteli, katika toleo la 2016, vilikwisha kuitaka hoteli iwe na utaratibu wa kukabili hatari na dharura. Kwa hiyo sharti lilikuwepo kabla ya janga. Lililokosekana ni swali la mkaguzi: wageni wasipofika kwa miezi mitatu, nani ataachishwa kazi kwanza, mzaliwa wa Bofa au aliyetoka mbali? Na swali hilo likiulizwa kwa Kiingereza kwenye fomu ya kurasa nyingi, mpishi aliyezoea Kigiriama na Kiswahili hatajua kwamba limeulizwa.