Kidole kimepotea, lakini besi bado yaweza kulia

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Watoto hufunzwa methali hiyo ili wajue thamani ya umoja, lakini mpiga gita la besi anaweza kuisikia kwa namna nyingine. Mkono wake wa kushoto hubana nyuzi kwa vidole vinne. Kimoja kikikatwa na msumeno, kikiungua au kikikauka kiungo, je, vitatu vilivyosalia vitaweza kazi ya vinne?

Swali hili si la mzaha katika mtaa kama Makina, pale Kibera. Hapa ndipo ulipo msikiti wa Makina na makao ya Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles waliopewa makao mahali hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Jina Kibera lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Hatua chache tu kutoka hapo ni soko la Toi. Ni mtaa wa watu wa kazi za mikono: mafundi wa mbao, wachomeleaji vyuma, na wale wanaochonga vipuli na mikufu kutokana na mifupa ya ng'ombe. Ni mtaa wa muziki pia. Harusi za Wanubi zina ngoma ya doluka, na makanisa ya Kibera yana kwaya zake. Mkono unaoshika msumeno Jumamosi waweza kuwa ndio unaoshika gita Jumapili.

Aliyeajiriwa hulindwa na sheria ya mwaka wa 2007 kuhusu fidia kwa majeraha ya kazini. Fundi wa jua kali anayejifanyia kazi hana mwajiri wa kumdai. Akiumia kidole, riziki yake ya mchana inapungua; na ikiwa alikuwa akiitwa kupiga besi kwenye sherehe, ya jioni nayo imo hatarini. Kishawishi cha kwanza ni kuliuza gita. Kabla ya kufanya hivyo, ni vyema ajue kwamba wapo waliopita njia hiyo, tena wakawa mabingwa.

Waliotangulia

Django Reinhardt, Mjipsi aliyezaliwa Ubelgiji mwaka wa 1910, aliungua vibaya gari lake la makazi liliposhika moto mwaka wa 1928. Kidole cha pete na cha mwisho vya mkono wake wa kushoto vilikunjamana, visiweze tena kukimbia juu ya nyuzi. Alijifunza upya kwa kutumia kidole cha shahada na cha kati, na vile viwili vilivyoumia akavitumia kusaidia pale tu vilipoweza. Mwaka wa 1934 alianzisha kikundi cha Quintette du Hot Club de France pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli, na hadi leo wapiga gita wenye vidole kamili hujaribu kumwiga.

Tony Iommi wa mji wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na umri wa miaka 17 mnamo 1965 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, hivyo mkono wa kulia ulioumia ndio uliobana nyuzi. Msimamizi wake wa kazi alimpelekea santuri ya Django ili asikate tamaa. Iommi aliyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajitengenezea vikofia vya vidole na kuvifunika kwa ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Sauti nzito iliyotokana na hali hiyo ndiyo iliyoipa bendi ya Black Sabbath jina.

Sisi Waafrika Mashariki tuna somo letu pia. Mwenda Jean Bosco wa Kongo, ambaye wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa mwaka wa 1952, alichezesha nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada pekee. Hapa Kenya, George Mukabi alipiga mtindo wa omutibo kwa vidole hivyo hivyo viwili. Hao hawakuwa na ulemavu, na mkono tunaouzungumzia ni ule wa kuchezesha nyuzi, si wa kubana. Hata hivyo, walithibitisha kwamba wingi wa vidole sio unaofanya muziki.

Umbali ndio adui

Tatizo la besi ni ukubwa wake. Kwenye gita la kawaida la besi, urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja ni inchi 34, yaani kama sentimita 86. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo yake vimeachana sana karibu na kichwa. Kutoka chuma cha kwanza hadi cha nne ni sentimita 13 hivi. Ukipanda shingo, vyuma hukaribiana: kutoka cha tano hadi cha nane ni sentimita 10 na kidogo.

Hapo tayari pana dawa mbili. Ya kwanza ni kupandisha mkono. Sauti ya C inayopatikana katika nafasi ya tatu ya uzi wa A iko pia katika nafasi ya nane ya uzi wa E, ambako vidole havilazimiki kutanuka sana. Ya pili ni kutafuta besi fupi yenye uzi wa inchi 30. Kwenye besi hiyo, zile sentimita 13 hupungua na kuwa kama 11 na nusu. Si gita la watoto. Paul McCartney wa Beatles alijipatia sifa kwa besi fupi ya aina hiyo.

Vidole vitatu vyatosha

Walimu wengi hufundisha kwamba kila kidole kipewe nafasi yake, vidole vinne kwa nafasi nne. Mtu akikosa kimoja hudhani mfumo wote umeanguka. Lakini wapigaji wa lile besi kubwa la kusimama, ambalo nyuzi zake ni ndefu zaidi, wametumia mfumo mwingine kwa zaidi ya miaka 100. Franz Simandl, mwalimu wa muziki aliyefariki mwaka wa 1912, aliueneza kupitia kitabu chake cha mafunzo. Sehemu ya chini ya shingo hubanwa kwa kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho, kidole cha pete kikiwa msaidizi tu wa kile cha mwisho. Vidole hivyo hufunika nafasi tatu, kisha mkono mzima husogea.

Kwa hivyo, aliyepoteza kidole cha pete ana mfumo kamili uliokwisha kuandikwa. Aliyepoteza cha mwisho atumie shahada, kati na pete kwa njia hiyo hiyo. Aliyebaki na viwili afuate nyayo za Django. Siri ni kusogeza mkono kutoka kwenye kiwiko, wala si kunyoosha vidole hadi viume. Wakati wa kuhama, kidole kimoja kiendelee kuugusa uzi bila kuubana, kiwe kama mkono wa kipofu ukutani.

Na ikiwa aliyeumia ni wa mkono wa kuchezesha nyuzi, asiwe na hofu kubwa. James Jamerson, mpigaji besi wa kampuni ya Motown huko Marekani, alizipiga nyimbo zake maarufu kwa kidole cha shahada peke yake.

Nyuzi zisizohitaji kidole

Nyuzi nne za besi, kuanzia ule mnene, ni E, A, D na G. Nyimbo nyingi za kanisani na za sherehe hujengwa juu ya sauti tatu kuu. Wimbo ukiimbwa kwa ufunguo wa A, sauti hizo ni A, D na E. Zote tatu ni nyuzi wazi! Ukiimbwa kwa D, ni D, G na A. Hizo pia ni nyuzi wazi. Ukiimbwa kwa G, kidole kimoja kilichokaa nafasi ya tatu chatosha: uzi wa E unatoa G, uzi wa A unatoa C, na D ni uzi wazi.

Waimbaji wakitaka ufunguo mwingine, nyuzi zote zaweza kulegezwa kwa nusu sauti. Hapo zile nyuzi wazi zitautumikia ufunguo wa A bemoli, na tena zitakuwa laini zaidi kubana. Kwa mwenye kidole kimoja kizima, huo ni mwanzo wa kurudi jukwaani wiki hii, wakati anaendelea kujifunza mengine polepole.

Lakini tusidanganyane. Besi ya benga, kama ile ya bendi ya Shirati Jazz ya marehemu D.O. Misiani, hukimbia na kujibizana na gita la solo. Baadhi ya mbio hizo zitabidi zipunguzwe. Mpigaji achague sauti zinazoubeba wimbo, aache mapambo. Msikilizaji anayecheza hatalalamika maadamu mpigo haupotei.

Sponji, ngozi na bisibisi

Kidole kisichobana huwa na kazi nyingine isiyoonekana: kunyamazisha nyuzi zisizopigwa. Kikikosekana, besi huvuma ovyo. Kata kipande cha sponji ya godoro, ukiingize chini ya nyuzi karibu na daraja. Wala huo si ujanja wa maskini. Besi za Fender za zamani ziliuzwa zikiwa na sponji hiyo tayari.

Fundi wa magita aombwe ashushe nyuzi zikaribie shingo, na aweke nyuzi nyembamba. Aliyekatwa ncha anaweza kujaribu kikofia cha ngozi laini, mradi kidonda kiwe kimepona kabisa. Asiyehisi kitu kidoleni, kwa sababu ya kisukari, ukoma au mshipa wa fahamu uliokatika, asitumie kikofia bila ushauri wa daktari, kwani anaweza kujiumiza bila kujua.

Ikiwa mkono wa kubana umeharibika kabisa na ule mwingine ni mzima, liko jambo la kugeuza gita na kupanga nyuzi upya. Anayeanza hatapoteza mengi. Aliyepiga kwa miaka mingi atakuwa kama mtoto anayejifunza kuandika, na avumilie.

Kabla ya kurudi

Kigutu kilichopona huwa chepesi kuuma. Wataalamu wa tiba ya viungo hufundisha jinsi ya kukizoesha, kwa kukisugua kwanza na kitambaa laini, kisha na kigumu zaidi. Hospitali ya Mbagathi na ile ya Kenyatta haziko mbali na Kibera. Anza na dakika tano, pumzika, kisha rudia. Maumivu makali, uvimbe au ganzi ni amri ya kusimama.

Kwa wazazi, wake na waume, msiharakishe kuliondoa gita ndani ya nyumba mkidhani mnamwepusha mtu wenu na majonzi. Na kwa viongozi wa kwaya na bendi: kabla ya kumtafuta mpigaji mwingine, mwulizeni mwenzenu ni ufunguo gani anaouweza. Kushusha wimbo kutoka B hadi A hakumgharimu mwimbaji hata senti, nako kwaweza kumrudishia mtu nafasi yake miongoni mwa wenziwe.