Pikipiki kuvuka Namanga: karatasi kabla ya mafuta

Mfanyabiashara wa vitunguu wa Singida anayefuata wanunuzi Nairobi kwa pikipiki hupita Babati na Arusha hadi Namanga. Tangu 2018, kituo hicho ni cha pamoja: maofisa wa nchi zote mbili humhudumia upande anaoingia.

Awe na hati ya kusafiria, kadi halisi ya pikipiki na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima. Chombo kikiwa cha mtu mwingine, achukue barua ya mwenyewe.

Forodha ya Kenya humpa kibali cha muda. Asome tarehe ya mwisho, na akirudi ahakikishe kibali kimefungwa. Muda ukipita, pikipiki huweza kudaiwa ushuru au kukamatwa, na faida ya vitunguu ikaishia mpakani.