Mkao wa Sindano ya Mgongo: Kwa Nini Kiti Huandaliwa Hivyo

Kipeperushi hiki kinawahusu wagonjwa watakaodungwa sindano ya mgongo katika hospitali za Uingereza: mama anayejifungua kwa upasuaji au anayeomba kupunguziwa uchungu, mtu anayefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti, na yule anayetolewa maji ya uti wa mgongo kwa uchunguzi. Wengi huiogopa sindano yenyewe. Aghalabu, hata hivyo, kinachoifanya kazi iwe nyepesi au ngumu ni namna mgonjwa alivyokalishwa.

Kila pingili ya mgongo ina mfupa uliochomoza nyuma, ule unaoguswa kwa kidole. Mtu akikaa wima, mifupa hiyo husogeleana na nafasi iliyo kati yake hubana. Akikunja kiuno, nafasi hufunguka na sindano hupata njia. Daktari huipitisha chini, kwa kawaida kati ya pingili ya 3 na ya 4 za kiuno, au ya 4 na ya 5. Kwa mtu mzima, uti wa neva wenyewe huishia juu ya hapo, karibu na pingili ya 1 au ya 2.

Kukunja kiuno si sawa na kuinama. Mtu anaweza kuegemea meza mbele yake huku mgongo umenyooka kama ubao, na hapo nafasi hazifunguki. Ndiyo maana miguu huwekwa juu ya kigoda. Magoti yakiwa sawa na nyonga au juu kidogo, kiuno hujikunja chenyewe; miguu ikining'inia, mgonjwa hujikaza asiteleze na mgongo hunyooka. Mahali pa kukalia pawe pagumu kiasi. Godoro laini hudidimia upande mmoja, nyonga huinama, uti wa mgongo hupinda kando, na daktari hupotezwa mstari wa katikati. Mgonjwa akihisi amekalia tako moja zaidi ya jingine, aseme kabla kazi haijaanza.

Baadhi ya hospitali zina kiti maalumu chenye egemeo la kifua, la mikono na la paji la uso. Kwingineko hutumika kitanda, kigoda na mto wa kukumbatia. Vyote hufaa, mradi uzito wa mwili ubebwe na egemeo, si na mikono ya mgonjwa. Anayejisukuma kwa viganja huinua mabega, na mgongo hukakamaa. Mabega yalegee na kidevu kishuke kifuani. Mama mjamzito hupanua magoti ili tumbo lipate nafasi. Magurudumu ya kitanda na ya meza hufungwa, na mhudumu husimama mbele wakati wote, kwa kuwa baadhi ya watu huzimia wakiwa wameketi. Asiyeweza kukaa hulazwa kwa ubavu, magoti yakivutwa tumboni; mkao huo pia ndio hutumika pale daktari anapohitaji kupima shinikizo la maji ya mgongo.

Daktari hufanya kazi nyuma ya mgonjwa, naye mgonjwa hamwoni uso wala midomo. Kwa anayesikia Kiingereza kwa shida, hilo ni zito kuliko linavyodhaniwa. Mkalimani hutolewa na hospitali bila malipo. Aombwe mapema, na asimame mbele, karibu na mhudumu. Neno la kusimamisha kazi likubaliwe kabla ya sindano. Uchungu wa ghafla ukishuka mguuni kama umeme, mgonjwa aseme ni mguu upi, lakini asijisogeze. Kauli hiyo humsaidia daktari kuirekebisha sindano.

Mgongo pekee ndio hufunuliwa. Mgonjwa anaweza kuomba shuka au kanga ya kujisitiri, na kuomba ahudumiwe na wanawake. Ombi hilo hutimizwa inapowezekana.

Wapo wanaosema kwamba sindano hii huacha maumivu ya mgongo ya maisha. Utafiti haujathibitisha hivyo. Mahali palipodungwa huweza kuuma kwa siku chache, hasa pakidungwa mara kadhaa, na mkao mzuri hupunguza haja ya kurudia.

Baada ya kurudi nyumbani, hospitali ipigiwe simu mara moja mgonjwa akipata maumivu makali ya kichwa yanayozidi akiketi na kupungua akilala, homa, au usaha mahali palipodungwa. Miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu upya, au mkojo ukashindwa kutoka au kuzuilika, ipigwe namba 999.